Danieli Alikuwa Mtumishi wa Serikali

Baba Askofu, wachungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama, vijana, na ninyi ndugu mnaofanya kazi katika ofisi za umma mliojinyima Jumamosi yenu mkaja: Bwana asifiwe.

Nimepewa mada nzito na muda mfupi, na harufu ya pilau imeshafika hapa mbele, kwa hiyo sitazunguka. Mada inauliza Mkristo aitii serikali mpaka wapi. Naona kila tukilisikia swali hili tunarukia ule mpaka. Kijana anataka kuambiwa ni lini ataruhusiwa kukataa. Mzee anataka kuambiwa kwamba siku hiyo haitafika. Mimi nitaanza na kule kutii kwenyewe, kwa sababu naamini mtu asiyetii ipasavyo hana mahali pa kusimama siku atakapotakiwa kukataa.

Fungueni Danieli 6. Wengi wetu tulifundishwa sura hii shule ya Jumapili, tukabaki na simba peke yao. Simba wanakuja baadaye. Sura inaanza ofisini. Mfalme Dario ameweka maamiri 120 juu ya ufalme wake, na juu yao mawaziri watatu wa kupokea hesabu ili mfalme asipate hasara. Danieli ni mmoja wa hao watatu. Wenzake wanapotaka kumwangusha, jambo la kwanza wanalofanya ni kumkagua. Wanapekua kazi yake yote na hawaoni kosa. Hakuna zabuni aliyompa shemeji, hakuna posho ya safari ambayo haikusafiriwa, hakuna faili lililopotea likapatikana baada ya chai. Ndipo wanakiri wenyewe kwamba mtu huyu hawatampata ila kwa habari ya sheria ya Mungu wake.

Ninyi mnaofanya kazi kaunti, hospitalini, polisi, ardhi, kaeni na mstari huo kidogo. Adui zako wakitaka kukuondoa kwa sababu ya imani yako, je, watalazimika kutunga sheria mpya, au vocha za mwaka jana zitawatosha?

Na serikali ile haikuwa ya kwao Danieli. Wababeli walimchukua mateka akiwa kijana, na baadaye wakaichoma Yerusalemu. Wamedi na Waajemi wakaja wakashika usukani. Hakumpigia mtu kura. Miungu ya nchi ile haikuwa Mungu wake. Hata hivyo aliwafanyia kazi safi, sawasawa na barua ya Yeremia kwa mateka, kwamba wautakie amani mji ule na kuuombea kwa Bwana.

Kisha ikaja amri: kwa siku 30 mtu asiombe kwa mungu wala kwa mtu yeyote, ila kwa mfalme. Danieli akajua hati imekwisha kutiwa sahihi, akaingia nyumbani kwake, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Angeweza kufunga dirisha. Mungu husikia hata dirisha likiwa limefungwa, na siku 30 si nyingi. Lakini angelifunga, amri ile ingekuwa imeshinda bila kumgusa mtu. Wala hakuongeza kitu. Hakuanza kuomba mara saba ili kumuudhi mfalme, hakuacha kazi, hakumtukana mtu. Na alipoulizwa kutoka ndani ya shimo kama bado yu hai, alianza kwa salamu ya adabu: “Ee mfalme, uishi milele.” Kisha akamwambia kwamba hata mbele ya mfalme hakuwa na kosa.

Nitarudi kwenye lile dirisha. Kwanza twende Warumi 13.

“Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu.” Aya hii imetumiwa kuwanyamazisha Waafrika tangu siku za mkoloni, na wanaoitumia hivyo husoma mstari wa kwanza na wa pili wakafunga kitabu. Endeleeni mpaka wa nne. Mwenye mamlaka anaitwa mtumishi wa Mungu, kwa ajili yako, kwa mema. Mtumishi ana bwana wake, na bwana amemwandikia kazi: kumlinda atendaye mema na kumwadhibu mtenda maovu. Paulo aliyaandika haya karibu mwaka 57, Nero akiwa kwenye kiti. Hakuandika kwa sababu Nero alikuwa mtu mwema. Aliandika kwa sababu bila hakimu, bila askari, bila barabara na soko lenye mizani ya haki, mnyonge ndiye anayeliwa kwanza.

Paulo huyo huyo, akiwa na Sila kule Filipi, alichapwa viboko na kutupwa gerezani bila kuhukumiwa. Asubuhi mahakimu wakatuma watu wamtoe kimyakimya. Akakataa. Sisi ni raia wa Rumi, mmetupiga hadharani. Njoni wenyewe mtutoe. Nao wakaja, wakawasihi. Baadaye, mbele ya Festo, akakata rufani kwa Kaisari. Kwa hiyo kumtaka hakimu afuate sheria yake mwenyewe si uasi. Ni njia mojawapo ya kumheshimu.

Sasa kodi, na hapa najua nitapoteza marafiki. Aya ya saba inasema alipwe kodi astahiliye kodi, ushuru astahiliye ushuru. Tuna wazee wa kanisa wenye nyumba za kupangisha ambazo KRA, Mamlaka ya Mapato, haijawahi kuzisikia. Tuna wafanyabiashara wanaotoa ushuhuda madhabahuni wiki hii, na ukiwaomba risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya kodi, wanakuuliza kama umetumwa. Jibu nalijua: hela zinaibwa, ya nini kuwapelekea wezi? Lakini Bwana wetu aliposema “Mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari,” aliyekuwa kwenye dinari ile ni Tiberio, ambaye hakuwa mdhamini wa hospitali za Galilaya. Lipa, kisha uliza. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwekwa wazi kila mwaka, kaunti kwa kaunti. Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi juu ya bajeti hutangazwa. Nani hapa amehudhuria kimoja? Naona mikono michache, na mmoja wenu ni msaidizi wa chifu, yeye alikuwa kazini.

Ipo pia ile amri inayouma bila kutuagiza tutende dhambi. Machi 2020 serikali ilisimamisha ibada kwa sababu ya korona. Julai tukaruhusiwa kurudi: watu 100, saa moja, asiwepo mtoto wa chini ya miaka 13 wala mtu aliyepita 58. Nakumbuka hasira ya wazee, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliofungiwa nje. Wapo waliosema huu ndio moto wa Nebukadneza. Haukuwa. Misikiti ilifungwa pia, na shule, na baa. Hakuna aliyetuambia tusimwombe Kristo au tumsujudie mtu. Mnaruhusiwa kusema masharti yale yalikuwa makali kupita kiasi, na kuyapinga mahakamani. Lakini tukiita kila usumbufu mateso, siku mateso yenyewe yatakapofika hatutakuwa na jina la kuyaita.

Nataka sasa nikae kidogo na historia ya nchi hii yetu ya Kenya, kwa sababu vijana wetu wanaijua ya Bonhoeffer, yule mchungaji Mjerumani aliyempinga Hitler, kuliko ya nyumbani.

Mwaka 1986 chama cha KANU, kilichokuwa chama pekee kisheria tangu 1982, kiliamua kwamba wagombea wateuliwe kwa mlolongo. Wapiga kura wangepanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, wahesabiwe mchana kweupe. Aliyepata asilimia 70 au zaidi angepita moja kwa moja, bila kura ya siri. Wachungaji wa NCCK, Baraza la Kitaifa la Makanisa, walikataa, na sababu yao ilikuwa ya kichungaji kabla ya kuwa ya kisiasa. Mchungaji akionekana amesimama nyuma ya mgombea mmoja, Jumapili atawapaje Meza ya Bwana wale waliosimama kwenye foleni ya pili? Mkulima atasimamaje dhidi ya chifu anayemtazama usoni?

Walioitetea serikali waliwafungulia Warumi 13. Africa Inland Church, kanisa la Rais mwenyewe, lilijitoa NCCK. Siwasimangi ndugu zetu wa AIC; nao walisoma Biblia hii hii, na hofu ya kuigawa nchi si hofu ya kijinga. Lakini tazameni walichofanya waliokataa. Hawakuchoma sanduku la kura. Walisema kwa majina yao, mimbarini, mchana. Juni 1987 Askofu David Gitari alihubiri Danieli 6, sura hii tuliyoifungua, katika kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri. Miezi michache kabla, Katiba ilikuwa imebadilishwa na kuwaondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulinzi wa kazi zao. Msomaji wa Danieli hawezi kupita hapo bila kusimama, maana Danieli naye alipokea hesabu, na sheria ndiyo iliyotumika kumwondoa: waliomletea Dario ile hati walimwambia kwamba mawaziri wote wamekubaliana, na waziri mmoja hakuulizwa. Mahubiri yale yaliwakera wanasiasa sana. Mwaka 1989 watu wenye silaha walivamia nyumba ya askofu usiku, akanusurika.

Uteuzi wa wagombea wa uchaguzi wa 1988 ulifanyika kwa mlolongo, na wapo humu ndani waliosimama kwenye foleni ndefu wakasikia foleni fupi ikitangazwa mshindi. Jarida la NCCK lililoitwa Beyond liliyaandika hayo, likapigwa marufuku, mhariri wake akafungwa.

Agosti 1990 Waziri wa Kazi alimwonya hadharani Askofu Alexander Muge wa Eldoret kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Askofu hakutangaza vita. Alisema ataenda, akaenda tarehe 14, akakutana na Wakristo, na njiani kurudi gari lake likagongana na lori la maziwa. Akafa. Waziri akajiuzulu. Dereva wa lori akafungwa, na mpaka leo wako wengi ambao jambo hilo halijawatoka rohoni. Kabla mwaka haujaisha KANU iliuondoa mlolongo, na Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba, kilichofanya chama kuwa kimoja, kikafutwa. Sisemi maaskofu ndio walioyaleta hayo peke yao. Walikuwapo mawakili, wanasiasa, akina mama, na watu wa Saba Saba, yale maandamano ya Julai 1990, waliokufa na kuzikwa bila sisi kuwafahamu kwa majina. Nasema kwamba walipohitajika watu wa kusema, kanisa lilikuwa nao.

Jirani zetu Uganda walilipa zaidi. Janani Luwum aliwekwa kuwa Askofu Mkuu mwaka 1974, Amin akiwa madarakani. Wapo waliomlaumu kwamba yuko karibu mno na serikali. Ukweli ni kwamba alikwenda kwa wakubwa mara kwa mara kuwatafuta watu waliokamatwa, mume wa fulani, mtoto wa fulani. Mimi ndio maana nampenda Luwum kuliko mashujaa wengine: alijaribu njia zote za utii kwanza. Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake usiku wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wakaandika barua, wakaitia sahihi, wakampelekea Amin mwenyewe, kwa lugha ya heshima, wakimwambia kwamba bunduki za kuwalinda raia zimewageukia raia. Hilo ndilo dirisha lililo wazi. Tarehe 16 Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari. Leo Uganda tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa.

Lakini nisiwaache na maaskofu peke yao, msije mkadhani kukataa ni kazi ya wenye misalaba shingoni. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wa Uamsho, wale wa “Tukutendereza” ambao moto wao ulitoka Gahini, Rwanda, ukafika Kabete 1937, walijikuta katikati ya mawe mawili. Mau Mau waliwataka wale kiapo. Wakakataa, wakisema wameshakunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wengine waliuawa usiku, majirani wakisikia. Serikali ya mkoloni ikafurahi, ikaja na bunduki: basi ingieni homgadi, mgambo wa serikali. Wengi wakakataa hiyo pia. Walikuwa wakulima na walimu wa shule za vijijini, wengine hawajui kusoma. Wapo wanahistoria wanaowalaumu kwamba walikaa nje ya vita vya ardhi iliyoporwa, na lawama hiyo si ya kupuuzwa. Ninachokiona mimi ni kwamba walikuwa hawana wa kuwakingia kifua, na pande zote mbili zilijua pa kuwapata usiku.

Mpaka wenyewe, basi, ni ule wa mitume mbele ya Baraza: “Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.” Angalieni ulitamkwa lini. Walikuwa wamekatazwa kuhubiri jina la Yesu. Mamlaka ikiniagiza nitende alichokataza Mungu, au ikinikataza alichoniagiza, hapo naishia, na ninakubali kulipa. Wakunga wawili wa Misri, Shifra na Pua, waliagizwa na Farao waue watoto wa kiume. Hawakuua. Hakuna nabii aliyewatangulia wala kanisa la kuwapigia makofi. Waliendelea kuzalisha, kazi yao ya kila siku, na wakakataa jambo moja tu katika kazi hiyo.

Kwetu Kenya kuna jambo jingine linalorahisisha mambo, na ninashangaa halihubiriwi. Katiba ya 2010 inaanza kwa kusema mamlaka yote ni ya wananchi, na kifungu cha 2 kinasema Katiba inamfunga kila mtu na kila chombo cha dola. Basi nikiambiwa nitii mamlaka iliyo kuu, mkubwa wangu naye ameambiwa hivyo hivyo. Kifungu cha 37 kinanipa haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha, na kupeleka malalamiko. Kijana aliyetoka Juni 2024 na bendera na chupa ya maji kupinga Mswada wa Fedha hakumwasi Mungu wala Katiba. Aliyevunja duka la mama anayeuza simu aliasi vyote viwili. Na askari aliyemlenga mtoto asiye na silaha hatasimama mbele za Mungu aseme niliamriwa. Nalisema hili nikijua tuna maafisa wa polisi humu ndani, watu wanaotoa sadaka na kulala kwenye nyumba zinazovuja. Siwasemi kwa dharau. Nawasema kwa sababu ninyi ndio mtakaofika kwenye mpaka kabla yetu sisi wote.

Liko dirisha lingine tunalolifunga kwa mikono yetu. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alirudisha mamilioni ya shilingi aliyotoa Rais katika kanisa moja la Soweto, Nairobi. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikuwa amewanyima wanasiasa kipaza sauti kwenye ibada ya kumweka wakfu askofu kule Butere, wakiwa wamekaa viti vya mbele. Watu walicheka, wengine wakanung’unika kwamba paa litajengwa na nani. Ndugu zangu, mwanasiasa akishakununulia mabati huwezi tena kumhubiria Nabothi na shamba lake la mizabibu aliloporwa na mfalme Ahabu. Utahubiri Zaburi 23 mpaka ustaafu. Petro aliandika, “Mcheni Mungu. Mpeni heshima mfalme.” Heshima mpeni: simameni akiingia, mwombeeni kwa jina kila Jumapili, hata yule usiyempenda, hasa huyo. Mimbari hatukuagizwa kumpa.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni la kamati, si la mahubiri.

Karani wa ardhi akiletewa faili na mkubwa wake abadilishe namba ya shamba la mjane, tunamwambia kataa. Sawa. Akikataa, atahamishwa au atasimamishwa kazi, na barua haitasema sababu yenyewe. Januari watoto wake watarudishwa nyumbani kwa karo. Kanisa lililomwambia akatae litakuwa wapi? Tuna mfuko wa mazishi, tuna mfuko wa harusi, tuna mfuko wa kumpokea askofu akitutembelea, na Baba Askofu anisamehe. Hatuna mfuko wa mtu aliyepoteza kazi kwa kukataa kusema uongo. Hatuna orodha ya mawakili miongoni mwa washirika wetu watakaomsimamia bila malipo, na ninaowaona humu hawapungui wanne. Hatuna hata utaratibu wa mtu kama huyo kwenda kwa mchungaji kabla ya kuamua, ili asije akaita ugomvi wake na bosi msalaba.

Mwenyekiti, naomba jambo hilo liwe ajenda ya kwanza ya kikao cha wazee mwezi ujao, kabla ya maegesho ya magari. Mimi natoa shilingi elfu kumi za kuufungua mfuko. Mweka hazina yuko pale karibu na mlango, na ana kitabu cha risiti.